KINANDA KINAPOMEZA SAUTI

Siku hizi si makanisa peke yake yaliyo na kinanda cha umeme. Vikundi vingi vya kujisaidia ambavyo vilianza na viti na tenti za kukodisha vimeongeza vyombo vya muziki, kwa sababu mwenye harusi anayekuja kukodi viti mia mbili atauliza pia kama mna spika na kinanda. Ni mradi mzuri. Lakini wengi huuingia bila kuelewa hiyo mashine inafanya kazi namna gani, na hapo ndipo pesa za wanachama hupotelea.

Malalamiko huwa ni yale yale. Kinanda kinameza noti: mpigaji anapiga vizuri, halafu katikati ya wimbo besi inatoweka. Ama mlio uliokuwa mtamu ukipigwa peke yake unakuwa mkavu ukiunganishwa na mwingine. Ama, na hili ndilo huumiza roho zaidi, milio yote ambayo kijana wa kwaya alitengeneza kwa mwaka mzima inafutika usiku mmoja. Kikundi kinaita fundi. Fundi anafungua, anatikisa kichwa, anasema bodi imeungua, na mama mweka hazina anaambiwa atoe pesa. Kumbe mara nyingi hakuna kitu kilichoungua. Kinanda kinafanya vile kilivyotengenezwa kufanya, ama kinahitaji betri ndogo kama shilingi.

Basi tuangalie mambo matatu: nafasi za sauti, madoido, na kumbukumbu. Nitatumia sana mfano wa kinanda kimoja, M1, ambacho kampuni ya Korg ya Japani ilikitoa mwaka 1988. Nimekichagua kwa sababu kiliweka vitu hivi vyote ndani ya mashine moja kwa mpango ambao vinanda vingi vilivyokuja baadaye vimeufuata. Ukikielewa hicho, cha kwenu hakitakushinda.

Sauti ni hesabu

Kinanda cha zamani cha kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu, kilitoa sauti kwa upepo. Sinthesaiza ya dijitali haina upepo wala nyuzi. Ndani yake ni kompyuta, na kazi ya kompyuta hiyo ni kutoa nambari, maelfu kwa maelfu kila sekunde. Nambari zinageuzwa kuwa umeme, umeme unaenda kwa spika, spika inatikisa hewa, na sisi tunasema tumesikia piano. Katika CD, sekunde moja tu ya muziki ina nambari 44,100 kwa kila upande wa stereo.

Nambari hizo zinatoka wapi? Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kupiga hesabu moja kwa moja. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilifanya hivyo, kwa kutumia njia iliyovumbuliwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Ndani ya DX7 hakuna rekodi ya chombo chochote. Mlio mmoja ni orodha ya vipimo tu: hiki kianze kwa nguvu kiasi gani, kile kififie upesi kiasi gani. Milio yake yote 32 inaingia katika baiti 4,096, yaani kama herufi za kurasa mbili za taipu. Ukumbuke jambo hilo, tutalirudia tukifika kwa kumbukumbu.

Njia ya pili ni kurekodi chombo cha kweli na kuiweka rekodi ndani ya kinanda. M1 inafanya hivyo, na vinanda vingi vya leo pia. Lakini mwaka 1988 kumbukumbu za kompyuta zilikuwa ghali sana. M1 ilipewa megabaiti 4 tu za rekodi. Fanya hesabu mwenyewe: kwa kipimo cha CD, na kwa upande mmoja tu bila stereo, hiyo ni nafasi ya sekunde 47 hivi. Wimbo mmoja wa dakika nne kwenye simu yako unachukua karibu nafasi hiyo hiyo. Sasa waliwezaje kuingiza humo piano, filimbi, nyuzi, tarumbeta, sauti za watu na ngoma?

Walibana matumizi. Walirekodi mwanzo wa sauti, pale nyundo inapogonga waya wa piano, halafu kipande kidogo cha mwendelezo wake. Ukishikilia kibonyezo, kinanda kinasoma ule mwanzo mara moja, kisha kinakizungusha kile kipande kidogo tena na tena huku kikipunguza nguvu polepole. Sikio halitambui. Tena hawakurekodi kila noti. Rekodi moja inatumikia vibonyezo kadhaa vya jirani, kwa kuisoma haraka zaidi ili ipande ama polepole ili ishuke. Ndiyo sababu piano ya kinanda cha zamani huwa nzuri katikati lakini kwenye noti za juu inalia kama kijiko kwenye glasi. Wenzao wa Roland, katika D-50 ya mwaka 1987, walibana zaidi: walitumia rekodi fupi ya mwanzo peke yake na kuiunganisha na mkia wa hesabu, kwa kuwa sikio hutambua chombo hasa kwa namna kinavyoanza kulia. Mimi naona hiyo ilikuwa akili kubwa.

Viti kumi na sita

Kila noti inayolia inahitaji sehemu ya kompyuta ya kuihudumia: iisome rekodi, iipandishe ama iishushe, iifanye ianze na iishe. Sehemu hizo zina idadi. Idadi hiyo ndiyo huitwa polifonia. DX7 ilikuwa na 16, na M1 ina 16.

Wewe ambaye kikundi chako kinakodisha viti utaelewa upesi. Una viti 16, na wageni 16 wamekaa. Anaingia wa kumi na saba, na huyu ni lazima akae. Kinanda hakisemi samahani viti vimekwisha. Kinamwinua mgeni mmoja na kumpa yule mpya kiti chake. Vinanda vingi huinua yule aliyekaa muda mrefu zaidi. Vingine hutafuta yule ambaye sauti yake imeshafifia. Aliyeinuliwa ananyamaza papo hapo, hata kama kidole cha mpigaji bado kiko juu yake.

Mtu atauliza: mimi nina vidole kumi tu, viti kumi na sita vitaishaje? Swali zuri. Vinaisha kwa njia tatu, na mara nyingi zinakuja zote pamoja.

Kwanza ni pedali. Ukikanyaga pedali ya kushikilia, noti uliyoiachilia kwa kidole haijaondoka. Bado iko kwenye kiti. Piga besi mbili kwa mkono wa kushoto na akodi ya noti nne kwa kulia: viti sita. Badilisha akodi na besi bila kuinua mguu: kumi na mbili. Badilisha tena: unahitaji kumi na nane, na havipo. Nani ataondoka? Wale wa kwanza, na mara nyingi wa kwanza kabisa ni besi, kwa sababu mkono wa kushoto ndio huwa unatangulia. Hapo ndipo watu wanageuka kuangalia spika.

Pili ni mgeni mnene anayekalia viti viwili. Katika M1 mlio unaweza kutengenezwa kwa rekodi moja, ama kwa rekodi mbili zilizolaliana ili ushibe vizuri. Ule wa rekodi mbili unakula nafasi mbili kwa kila noti. Basi 16 zimekuwa 8. Halafu kijana anaunganisha milio: piano chini, nyuzi juu, ili ukibonyeza kimoja zilie zote mbili. Kama kila mmoja ni wa rekodi mbili, kibonyezo kimoja kinakula viti vinne. Una noti nne tu! Mpigaji ana vidole kumi na mashine inaweza kuitikia vinne. D-50 ni hivyo hivyo: ukipiga mlio mmoja una noti 16, ukilaza miwili unabaki na 8.

Tatu ni ngoma za kujipiga zenyewe. Vile vinanda ambavyo unabonyeza kitufe cha midundo na bendi nzima inaanza, ile bendi nayo inakalia viti vile vile. Ngoma, besi, gitaa, nyuzi za nyuma, wote wamekaa kabla wewe hujagusa kibonyezo. Mwaka 1991 watengenezaji walikubaliana juu ya kipimo kinachoitwa General MIDI, na ndani yake waliandika kwamba kinanda kiwe na nafasi 24 kwenda juu, kiweze kubeba vyombo 16 tofauti kwa wakati mmoja, na kiwe na milio 128 iliyopangwa kwa utaratibu mmoja. Vinanda vya siku hizi vimepita hapo. Yamaha PSR-E353 ina nafasi 32, PSR-E373 ina 48, na PSR-E473 ina 64. Lakini nambari iliyo kwenye sanduku isikudanganye. Piano ya stereo kwa kawaida inakula mbili kwa kila noti, kwa hivyo 32 zimeshakuwa 16 hata kabla ya kuwasha ngoma.

Sasa utajuaje kama kinanda kinaumwa kweli ama viti vimekwisha? Zima midundo. Chagua mlio mmoja wa kawaida. Toa mguu kwenye pedali. Bonyeza kibonyezo kimoja kimoja kuanzia chini hadi juu, taratibu. Kama vyote vinalia, kinanda hakina ugonjwa huo unaoambiwa, kilikuwa kimejaa tu. Lakini kama kuna kibonyezo kimoja ambacho hakilii hata kikiwa peke yake, ama kinalia tu ukikipiga kwa hasira, hapo kuna shida ya kweli. Mara nyingi ni vumbi ama uchafu umeingia kwenye raba ndogo iliyo chini ya kibonyezo, na hiyo ni kazi ya kusafisha, si ya kubadilisha bodi. Ugonjwa hukaa kwenye kibonyezo kile kile kila siku. Upungufu wa viti unahamahama.

Dawa ya viti haiuzwi dukani. Ni kumfundisha mpigaji ainue mguu kila anapobadilisha akodi. Ni kuacha kulaza milio mitatu juu ya mwingine eti ndiyo wimbo uwe mzito. Kama kuna mtu wa gitaa la besi, zima besi ya kinanda. Kama kwaya inaimba sauti nne, mpigaji hana haja ya kupiga hizo nne zote mara mbili kwa mikono miwili. Walimu wengi wa kwaya watanikasirikia kwa hilo, lakini ni kweli.

Chumvi ya sufuria moja

Madoido ni kile kinachoongezwa kwa mlio baada ya mlio kutengenezwa. DX7 haikuwa nayo ndani. Ulilazimika kununua mashine nyingine pembeni. D-50 ilikuja na mwangwi na korasi zake ndani, na M1 ikaja na mashine mbili za madoido. Ndiyo maana mtu akizisikia mara ya kwanza alidhani zina milio bora kuliko zote zilizotangulia. Sehemu kubwa ya utamu ilikuwa ni madoido.

Mwangwi unaujua. Simama mita 17 mbele ya mwamba upige makofi. Sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo kwenda na kurudi, mita 34, ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kinanda hakina mwamba. Kinafanya hivi: kinaziandika nambari za sauti mahali, kinangoja, halafu kinazisoma tena na kuzichanganya na zile mpya. Kama kinafanya kazi kwa nambari 44,100 kwa sekunde, kungoja sehemu moja ya kumi ni kuweka foleni ya nambari 4,410. Hivyo tu. Kwa kuiga jumba kubwa, kinafanya marudio mengi sana yenye nafasi zisizolingana, kila moja hafifu kuliko la awali, mpaka yote yanayeyuka kuwa moshi mmoja wa sauti. Huo ndio unaoandikwa REVERB kwenye vitufe.

Korasi hapa si kiitikio cha wimbo. Ni doido la kuifanya sauti moja isikike kama nyingi. Wamama kumi wakiimba tuni moja hawaimbi sawasawa kabisa. Huyu amechelewa kidogo, yule yuko juu kidogo, na hiyo tofauti ndogo ndiyo inayofanya sauti yao iwe pana. Kinanda kinachukua nakala ya mlio, kinaichelewesha kwa sehemu chache za elfu ya sekunde, na kinabadilisha huo uchelewaji wakati wote, mara zaidi mara kidogo. Nakala ikichelewa na kuwahi hivyo, inapanda na kushuka kidogo. Ukiichanganya na ile ya kwanza, unasikia umati.

Sasa njoo kwa lile lalamiko la mlio unaokuwa mkavu. Katika M1, kila mlio ukipigwa peke yake unakuja na madoido yake, kama mtu anayejipikia na kujitilia chumvi apendavyo. Lakini mashine za madoido ni mbili tu kwa kinanda kizima. Ukiunganisha milio kadhaa, na M1 inaweza kuunganisha hadi minane, haiwezekani kila mmoja aje na madoido yake. Basi kinanda kinayaacha yale ya mlio mmoja mmoja na kufuata yale yaliyowekwa kwa ule muungano. Sufuria sasa ni moja. Mlio wa nyuzi uliokuwa na mwangwi mrefu unaukuta huko umebaki mkavu, na mpigaji anaapa kwamba kinanda kimebadilika. Hakijabadilika. Anatakiwa kuyaweka madoido upya kwa ajili ya muungano, na kupima ni kiasi gani cha kila mlio kipitie humo: nyuzi zipite sana, besi na ngoma zipite kidogo ama zisipite kabisa. Vinanda vipya vina mashine nyingi zaidi, lakini mwangwi mkuu huwa bado ni mmoja unaotumiwa na wote.

Wengine huambiwa wazime mwangwi ili noti zisikatwe. Kwenye hizi mashine haisaidii, kwa sababu madoido yanafanywa na sehemu nyingine. Kuzima mwangwi hakuongezi hata kiti kimoja.

Lakini kuna sababu nyingine ya kuuzima, nayo ni mabati. Jengo refu la ukuta wa mawe na paa la mabati lisilo na dari limeshajaa mwangwi wake. Ukiongeza wa kinanda, na halafu mtu wa spika akaongeza wake kwa maikrofoni, maneno yanakufa. Watu wanasikia utukufu mwingi lakini hawasikii mhubiri amesema nini, na kwenye harusi hawasikii jina la anayeitwa kutoa zawadi. Mimi ningesema ndani ya jengo kama hilo anza na mwangwi sifuri, uongeze kidogo kidogo. Tena usipime Jumamosi jioni jengo likiwa tupu ukaamini umemaliza, kwa maana watu na nguo zao hunywa sauti. Jumapili likijaa itakuwa tofauti. Nje kwenye tenti ni kinyume. Huko hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kinanda kinalia kikavu kama redio, na hapo mwangwi unafaa.

Ubao, daftari na ghala

Tumefika kwa yule kijana aliyepoteza kazi ya mwaka mzima.

Kinanda kina mahali patatu pa kuweka mambo, na watu huvichanganya. Kuna ghala. Humo mna zile rekodi za kiwandani, na katika M1 ni zile megabaiti 4. Ghala limefungwa tangu kiwandani. Huwezi kuandika humo wala kufuta, na stima ikipotea mara elfu halitikisiki.

Kuna daftari. Daftari haina sauti ndani yake. Ina maagizo: chukua rekodi fulani ghalani, ianze polepole, iwe laini hivi, ipite kwenye mwangwi kiasi hiki. M1 ina kurasa 100 za milio na 100 za miunganiko. Ndani ya kumbukumbu hiyo hiyo ndimo pia nyimbo unazozirekodi hukaa, kama noti 4,400. Ukikubali kupunguza kurasa ziwe 50 kwa 50, unapata nafasi ya noti 7,700. Ni kama shamba moja: ukipanda mahindi mengi, maharagwe yanapungua.

Halafu kuna ubao wa chaki. Unapochagua mlio, kinanda kinanakili ukurasa wake kutoka daftari hadi ubaoni, na mabadiliko yote unayofanya unayafanya ubaoni. Ukichagua mlio mwingine kabla ya kuhifadhi, ubao unafutwa. Ukizima, unafutwa. Hapa ndipo kazi nyingi hupotea, na hakuna fundi wa kulaumu. Ni lazima ubonyeze kile kitufe cha kuhifadhi, ambacho huandikwa WRITE ama STORE, uchague ukurasa, na ukubali. Katika M1 kuna pia kufuli ya kumbukumbu kwenye sehemu ya GLOBAL. Ikiwa imefungwa, hakuna kitakachoandikwa mpaka uifungue. Katika vinanda vingi vya Yamaha kuna vitufe vya REGISTRATION vya kuhifadhi mlio, mdundo na mwendo kwa pamoja, ili katikati ya ibada mpigaji abonyeze kimoja tu.

Sasa, daftari ya vinanda vya miaka ya 80 na mingi ya 90 ina ugumu wake. Imeandikwa kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme wakati wote, hata kinanda kikiwa kimezimwa na kimewekwa stoo. Umeme huo unatoka kwa betri ndogo bapa iliyo ndani, mara nyingi CR2032, aina ile ile iliyo ndani ya kompyuta nyingi za mezani. Inaweza kukaa miaka mingi bila mtu kuikumbuka. Siku inapokwisha, daftari yote inafutika, ama inajaa takataka: majina yasiyosomeka, milio ya kutisha, ama kimya. Ukiona hivyo unaweza kudhani radi imepiga. Lakini ghala liko salama ndani. Kinachohitajika ni betri mpya, halafu kurudisha maagizo ya kiwandani.

M1 huonya kwa maandishi kwenye skrini kwamba betri iko chini. Usiipuuze. Kabla betri haijaguswa, nakili daftari yote nje ya kinanda, kwa sababu betri ikitolewa kila kitu kimekwenda. Zamani watu walitumia kadi za kuchomeka nyuma ya kinanda. Siku hizi njia rahisi ni waya wa MIDI hadi kompyuta. Daftari ni nambari tu, ni faili ndogo sana, na yale maagizo ya kiwandani ya M1 hupatikana kwenye intaneti. Kazi ya kubadilisha apewe fundi anayejua kutumia chuma cha risasi, kwa sababu katika baadhi ya mashine, kama DX7, betri imechomelewa kwenye bodi, na ndani ya kinanda kinachochomekwa moja kwa moja kwa stima kuna sehemu zinazoweza kumrusha mtu hata baada ya kuchomoa. Lakini sasa mnajua ni nini mnachomlipia.

Vinanda vingi vya karibuni havitegemei betri hiyo. Vinahifadhi kwenye kumbukumbu aina ya flashi, kama ile ya simu, na vingine vina mahali pa kuchomeka flashi yenyewe. Hata hivyo nakala ni nakala. Na kama hamna kompyuta, kuna njia ya wazee: kwa kuwa mlio wa DX7 ama M1 ni orodha ya vipimo, unaweza kuupitia ukurasa kwa ukurasa na kuuandika kwa kalamu katika daftari ya shule. Inachosha, kweli, lakini kwa ile milio mitano ama sita mnayoitumia kila Jumapili, ni kazi ya jioni mbili.

Siku ya kununua

Mkienda kununua cha mitumba, asiende mweka hazina peke yake wala mpigaji peke yake. Kwanza geuzeni kinanda msome kibao cha nyuma. Vilivyouzwa Japani hutumia volti 100, vya Marekani 120, na huku kwetu ni 240. Ukichomeka cha Japani ukutani bila transfoma, hapo ndipo yule fundi atakuwa na haki ya kusema kimeungua.

Mkishawasha, pigeni kila kibonyezo kimoja kimoja kama nilivyosema. Kisha kanyageni pedali, mbonyeze noti nyingi polepole kutoka chini kwenda juu, na mhesabu ni ya ngapi inapoizima ile ya kwanza. Muuzaji akisema zina nafasi 64 na nyinyi mmehesabu 16, muulizeni vizuri. Zimeni madoido yote msikilize mlio ulivyo mtupu, kwa sababu mwangwi huficha mikwaruzo mingi.

Mwisho kabisa, badilisheni mlio mmoja, mpe jina, hifadhini. Zimeni, mchomoe waya ukutani, mwende mkanywe chai. Mkirudi muwashe. Kama ule mlio wenu upo na jina lake, betri ina uhai. Kama haupo, msiondoke kwa hasira. Mwambieni muuzaji aondoe kwenye bei yake gharama ya betri, ya fundi wa kuichomelea, na ya kurudisha milio ya kiwandani.